Weka Mapema, Nunua Karibu

(Mazungumzo ya Mweka Hazina wa kikundi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi, Mlali)

Akina mama hoyee! (Hoyee!) Akiba hoyee! (Hoyee!)

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uhai hadi kuiona siku hii. Miaka kumi si mchezo. Wapo tulioanza nao chini ya mwembe ambao leo hatunao. Naomba tusimame kidogo tuwakumbuke. (Watu wote walisimama.) Mwenyezi Mungu aziweke roho zao mahali pema. Amina. Tukae.

Taarifa ya fedha imekwisha kusomwa na Katibu, nami sitairudia. Kamati ya maandalizi imenipa nafasi nizungumzie jambo moja la nyumbani, nalo ni vitu vya sikukuu: nguo, viatu, mapambo, zawadi, mchele na kitoweo, na hasara zinazotupata tunapovinunua mapema mno. Mtaniuliza, siku kubwa kama ya leo mbona unatuletea habari za maputo na viatu vya watoto? Nimeileta kwa sababu ipo hoja mezani. Baadhi yetu tumependekeza kwamba kuanzia mwaka ujao kikundi kitoe fedha mwezi wa tisa, kinunue vitu vya sikukuu kwa jumla, kila mwanachama achukue vyake akakae navyo hadi Krismasi. Hoja hiyo itafika kwenye mkutano mkuu. Kabla hatujanyoosha mikono, naomba tutazame yaliyotupata wenyewe katika nyumba zetu. Nimezungumza na akina mama wengi, na wamenipa ruhusa kusimulia. Majina nimeyaacha.

Kwa nini tunanunua mapema

Kwanza nikatae jambo moja. Akina baba wakisikia mama kanunua viatu vya Krismasi mwezi wa nane huwa wanacheka, "Wanawake bwana, wakiona duka hawajizuii." Si kweli. Hebu tuangalie kalenda yetu hapa Mlali. Mahindi ya masika tunavuna Julai na Agosti. Nyanya na mboga za kumwagilia zinatupa fedha wakati wa kiangazi, magari yanapopita hapa yakitoka Mgeta kwenda Sangasanga na mjini. Kwa hiyo fedha inaingia mwezi wa saba, wa nane, wa tisa. Krismasi iko Desemba. Katikati hapo kuna miezi mitatu minne, na kila anayejua kwamba umeuza nyanya anakuja na shida yake. Shemeji ana mgonjwa. Jirani anaomba elfu kumi hadi Jumamosi, Jumamosi ya mwaka gani hasemi. (Kicheko.) Baba naye ana mambo yake. Fedha taslimu ndani ya nyumba haina mwenyewe.

Sasa mama afanye nini? Anaigeuza fedha kuwa kitu. Gauni la mtoto haliombwi mkopo. Kiatu cha mtoto hakiendi kilabuni. Akishanunua, moyo unatulia, maana hata wakija kumi kukopa atasema kwa haki, "Sina." Kwa hiyo mwenye kununua mapema hakosi akili, anakosa mahali pa kuficha fedha. Neno hilo naomba mlishike, kwa sababu dawa yetu itatoka hapo.

Yaliyotupata

Nianze na dogo. Mama mmoja alinunua mjini maputo, mishumaa ya rangi na karatasi za kumetameta mwezi wa tisa. Akavifungia kwenye sanduku la bati, sanduku akalipandisha darini, chini ya mabati. Jua la Oktoba hapa kwetu mnalijua. Alipofungua mkesha wa Krismasi, maputo yalikuwa yameshikana kama ulimbo, mishumaa imepinda, na karatasi zimenata juu yake. Watoto wakatoka, wakakata matawi, wakaleta na maua ya mkrismasi, ule mti unaochanua mekundu kila mwaka Desemba ikikaribia bila kumdai mtu senti. Nyumba ikapendeza. Hasara ya namna hiyo tunaweza kuicheka.

Mwingine aliweka mchele wa pilau kilo ishirini, pamoja na tambi na unga wa ngano. Fukusi walianza, panya wakamalizia. Sisi watu wa Morogoro tuna sifa ya panya duniani. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye wakafundishwa kunusa kifua kikuu. Panya waliofundishwa hapa wamefanya kazi Msumbiji, Angola, hata Kambodia. Lakini hawa wa majumbani kwetu hawakusoma, jamani. Hawa wanajua kunusa mchele tu. (Kicheko kikubwa.)

Waswahili husema akiba haiozi. Ni kweli, lakini tujue ni akiba gani. Mchele unaingia fukusi. Unga wa ngano unapata wadudu na ladha inabadilika. Mafuta ya kula yakikaa penye joto na mwanga yananuka. Sukari ikipata unyevu inaganda. Biskuti na juisi zina tarehe ya mwisho ambayo haingoji Krismasi wala Idi. Hivyo ni vitu vya kula, na kitu cha kula kina umri wake.

Niende kwa kuku. Mama wa tatu alinunua kuku kumi mwezi wa tisa, bei ikiwa nzuri, ili watano awauze Desemba na watano wawe kitoweo. Akawachanganya na wake wa nyumbani. Baada ya wiki chache kuku mmoja akapinda shingo, wengine wakaanza kuhara kijani. Kideri hicho, wengine tunakiita mdondo. Alianza na kuku kumi wa kununua na wake wa nyumbani, akamaliza na jogoo mmoja. Wataalamu wa mifugo wanatuambia kila siku kwamba kideri hupenda sana wakati wa kiangazi kuelekea mvua, na kwamba kuku mgeni kutoka sokoni anaweza kuja nacho. Kumbe mwezi ule wa kununua kwa bei nzuri ndio mwezi wa hatari. Bei ilikuwa nzuri kwa sababu wenye kuku walikuwa wanawakimbiza sokoni kabla hawajafa.

Viatu sasa. Mtoto wa miaka minane hakai miezi minne bila kukua. Mama alinunua viatu vizuri mwezi wa nane, vikimkaa binti sawasawa. Siku ya Krismasi kisigino hakiingii. Mtoto akalia, mama akamwambia ajikaze, akaenda kanisani akichechemea na kurudi na malengelenge. Viatu akapewa mdogo wake, ambaye navyo vinampwaya. Mkubwa akanunuliwa vingine Januari. Kwa hiyo mama aliyenunua mapema ili kuokoa shilingi alilipa mara mbili, na bado siku yenyewe ya sikukuu watoto wawili walikuwa na viatu visivyowatosha.

Kinachofanana na hicho, ila kikubwa zaidi, ni sare ya kidato cha kwanza. Mzazi mmoja alitaka kumpa mwanawe zawadi ya Krismasi kwa kumaliza darasa la saba. Mwezi wa kumi akanunua sare kamili ya sekondari ya karibu, na sweta juu, akijua ndiko watoto wa hapa wanakopangiwa. Tunajua utaratibu: matokeo ya darasa la saba hutoka Oktoba au Novemba, halafu TAMISEMI hutangaza shule walizopangiwa, kwa kawaida Desemba. Mtoto akapangiwa shule nyingine, mbali, ya bweni. Sare rangi nyingine, sweta rangi nyingine, na orodha ya vitu vya bweni ndefu kama mkono. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa na serikali tangu Januari 2016, tunashukuru, lakini sare, godoro na nauli bado ni vyetu. Fedha ambayo ingenunua godoro ilikuwa imelala sandukuni katika rangi ya shule isiyo yake.

Kisa kinachofuata amekubali mwenyewe nisimulie. Ni baba, na yupo hapa, simtazami. (Kicheko.) Baba huyu alimnunulia mkewe doti ya kitenge mwezi wa nane, kitenge cha bei, akakificha ndani ya gunia la mbolea ghalani ili amshtue nacho siku ya Krismasi. Wazo zuri kabisa. Lakini mwezi wa kumi mama akaenda ghalani kutafuta mbolea. Akakuta kitenge kipya kimefungwa vizuri kwenye gazeti. Kitenge cha nani? Si chake, maana hajapewa. Akanyamaza siku tatu. Siku ya nne akafungasha, akaenda kwao. Sisi Waluguru mnatujua, mambo ya ndoa hayamaliziki bila wajomba. Wajomba wakaitwa, mkeka ukatandikwa, baba akaulizwa kitenge hiki ni cha nani. Akasema, "Ni cha huyu huyu." Mjomba akauliza, "Sasa mbona hukumpa?" Akajibu, "Nilikuwa nangoja Krismasi." Wajomba walicheka hadi machozi, lakini baba alitozwa kuku wa kuwasafishia wazee njia. Zawadi ikatolewa barazani mbele ya wajomba, haikuwa tena ya kushtukiza, na ile wiki ya huzuni mama haikurudi.

Tunacheka, lakini tuangalie kwa makini. Panya, mguu wa mtoto, kideri, TAMISEMI, na wivu: vyote viliingia katika nafasi moja, ile miezi iliyo kati ya kununua na kutumia. Kadiri nafasi hiyo inavyokuwa ndefu, ndivyo mengi yanavyopata mahali pa kupita.

Sasa niseme mawili yasiyo ya kuchekesha.

La kwanza. Mwanachama mwenzetu alipokea mgao wake, akanunua kila kitu mwezi wa kumi: mchele, mafuta, sukari, nguo za watoto wanne, pazia na vitambaa vya meza. Hakubakiza kitu, kwa sababu aliona kazi imekwisha. Mwezi wa kumi na moja mtoto wake wa pili akaugua ghafla usiku. Ilitakiwa gari, zikatakiwa na fedha za matibabu mjini. Nyumba ilikuwa imejaa mali na mfukoni hamna nauli. Akatoa mchele akauze kwa jirani usiku ule ule. Mnunuzi anayejua una haraka hakupi bei yako; alipewa karibu nusu. Akauza na sukari. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu, na sikukuu haikuwepo. Mama huyo aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mchele ulikuwa mwingi, lakini dereva hapokei mchele."

Fedha ni kitu kinachoweza kubadilika kuwa chochote. Ukiinunulia viatu, imekwisha kuwa viatu. Mvua za vuli zikiwahi, viatu haviwi mbegu. Mtoto akiugua, pazia haliwi dawa. Kabla hatujaigeuza fedha tujiulize kama tuna uhakika hatutaihitaji kwa lingine.

La pili. Binti mmoja wa hapa, anayefanya kazi Dar es Salaam, alimnunulia bibi yake khanga na blanketi mwezi wa saba, kwa sababu bibi alikuwa analalamika baridi. Akavileta alipokuja likizo, akamkabidhi mama yake: "Viweke, tutampa Krismasi tukiwa wote." Bibi akafariki mwezi wa kumi na moja. Blanketi lilitolewa kwenye nailoni yake siku ile ya msiba. Mama wa binti yule husema kila akikumbuka kwamba kiangazi kizima, Julai na Agosti, baridi ya milimani ilikuwa kali, na blanketi lilikuwa kabatini chumba cha pili.

Akina mama, zawadi ya mzee haiwekwi. Ukishainunua, mpe siku hiyo hiyo. Krismasi yake ni siku uliyomkumbuka. Sikukuu ikifika mpelekee hata sabuni na nyama robo kilo, atafurahi mara mbili.

Lakini kuchelewa nako kuna hasara

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi tungoje mkesha. Anayengoja mkesha naye anajuta. Desemba vikundi vingi vinavunja na kugawana, watu wengi wanakuwa na fedha kwa wakati mmoja, na wenye maduka wanalijua hilo. Fundi cherehani anapokea vitambaa vya kata nzima, na wa mwisho kuleta hushonewa baada ya sikukuu. Hilo halina ubishi.

Tunakumbuka pia sukari. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua za El Niño zilikuwa zimevuruga uvunaji wa miwa na kazi za viwanda. Sisi tulio wilaya moja na kiwanda cha Mtibwa, nasi tulihangaika kama wengine. Sehemu nyingi nchini kilo ilifika shilingi 4,000 na kuzidi, na mwezi wa Ramadhani ukaingia Machi hali ikiwa bado ngumu. Aliyekuwa na kilo tano ndani kabla ya hapo alifuturu kwa amani. Kwa hiyo wenzetu walioleta hoja ya kununua mwezi wa tisa hawakuiokota njiani. Wana sababu, na ninawaheshimu.

Lakini mwezi wa tisa ni mbali. Kati ya mwezi wa tisa na mkesha kuna mahali pazuri pa kusimama, na kila kitu kina mahali pake. Nimejaribu kuvipanga hivi.

Vitu visivyoota, visivyokua na visivyokufa, kama sufuria, sahani, shuka, mkeka na chumvi, nunua wakati wowote bei ikiwa nzuri. Mchele, afadhali uweke mpunga, tena mkavu, katika mfuko usiopitisha hewa, ukaukoboe wiki ya sikukuu. Sukari weka ya kutosha mwezi mmoja au miwili, kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Kitambaa cha kushona kifike kwa fundi wiki nne au tano kabla, na mwambie aache upindo wa kutosha kwa mtoto. Viatu nunua wiki mbili kabla, mtoto mwenyewe akiwepo, si kwa kupima kwa ujiti. (Kicheko.) Sare ya kidato cha kwanza isinunuliwe kabla ya kuliona jina la shule. Maputo na mishumaa, wiki ya mwisho inatosha.

Kuku wa kitoweo, bora uwafuge mwenyewe na kuwapa chanjo ya kideri, ile ya tone la jicho, kila baada ya miezi mitatu. Ukilazimika kununua, nunua siku chache kabla na usimchanganye mgeni na wenyeji. Mbuzi wa Idi el Hajj, patana na mfugaji, lipa sehemu mbele ya shahidi, mwache akae kwake hadi karibu na siku. Ndugu zetu Waislamu mnajua zaidi yangu kwamba mnyama wa kuchinja hatakiwi kuwa kilema, chongo, mgonjwa wala aliyekonda sana, na mbuzi awe ametimiza mwaka. Ukimnunua miezi mitatu kabla, ukamfunga nyuma ya nyumba, akavunjika mguu, umebaki na kitoweo, ibada huna.

Vile vile tukumbuke kwamba sikukuu zetu hazikai mahali pamoja. Krismasi haihami, lakini Pasaka inatembea kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Aprili, na Idi inarudi nyuma siku kama kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa 31 Machi, Idi el Fitri ikafuata 10 Aprili. Mwaka 2025 mambo yakageuka: Idi ilikuja mwisho wa Machi, Pasaka 20 Aprili. Mwaka 2000 Idi el Fitri ilikuja mara mbili katika mwaka mmoja, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Desemba, na kwa hesabu za kalenda itakuwa hivyo tena mwaka 2033. Mwaka huo Idi ya pili itagongana na Krismasi, na bei za sokoni mzikadirie wenyewe. Kikundi chetu kina Wakristo na Waislamu. Tukipanga tarehe moja tu ya kununua, nusu yetu watakuwa wananunua mapema mno au wamechelewa.

Ninachopendekeza

Nirudi kwenye lile neno. Mwenye kununua mapema anakosa mahali pa kuficha fedha. Mahali hapo ni wapi? Si chini ya godoro. Wapo walioficha noti miaka mingi, mchwa wakala nusu. Na mwaka 2025 Benki Kuu iliondoa kwenye matumizi noti za zamani, zile za matoleo ya 1985 hadi 2003 pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, ikatoa nafasi ya kuzibadilisha kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili. Aliyekuwa amezichimbia na hakusikia tangazo, alibaki na karatasi.

Mahali pake ni hapa, katika sanduku letu. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa akina mama watatu wa nyumba tatu tofauti. Hakuna shemeji anayeweza kulikopa. Mama akiulizwa fedha ya nyanya iko wapi, atajibu kwa ukweli, "Iko kwenye kikundi, siwezi kuitoa kabla ya siku." Anapata kile kile alichokuwa anakitafuta kwa kununua viatu mwezi wa nane, na mguu wa mtoto unaruhusiwa kukua.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, badala ya kununua vitu mwezi wa tisa, naomba mkutano mkuu ufikirie kuanzisha mfuko wa sikukuu, ulio mbali na hisa na mbali na mfuko wa jamii, wenye ukurasa wake katika kitabu cha kila mwanachama. Mapendekezo yangu ni haya.

Kwanza, kila mwanachama achague mwenyewe kiasi na achague sikukuu yake. Tuseme mama anaweka shilingi 2,000 kila wiki kwa wiki 24, kuanzia mapema Julai hadi katikati ya Desemba. Atakuwa na shilingi 48,000. Si utajiri, lakini ni viatu, gauni na kilo kadhaa za mchele bila kukopa. Mwenye mavuno mazuri mwezi wa nane aweke kwa mkupuo.

Pili, mfuko usikopeshwe. Fedha ya hisa ikopeshwe kama kawaida, hii ilale ndani.

Tatu, mfuko ufunguliwe wiki tano kabla ya sikukuu kwa ajili ya kitambaa na fundi, na wiki mbili kabla kwa yaliyobaki. Atakayetaka abakize sehemu hadi wiki ya kwanza ya Januari kwa sare na vifaa vya shule. Januari ni ndefu, hata watoto wanaiita Njaanuari. (Kicheko.)

Nne, ugonjwa au msiba ukitokea, mwanachama aruhusiwe kuchukua fedha yake hata kabla ya wakati, kwa sahihi za viongozi wawili. Dereva hapokei mchele, lakini fedha anapokea.

Tano, wazo la wenzetu la kununua kwa jumla tusilitupe, tulisogeze tu. Tukishajua Desemba nani anataka nini, tukusanye oda, tutume wawakilishi wawili. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inafika Dar es Salaam kutoka Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili hivi. Zamani kwenda Kariakoo ilikuwa safari ya kuaga majirani. Sasa wanaondoka asubuhi na jioni wamerudi, na mizigo ikafuata kwa gari. Sababu ya kununua miezi minne kabla kwa hofu ya umbali imepungua.

Mambo haya yaandikwe katika katiba yetu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi kama chetu katika daraja la nne, na inatutaka tusajiliwe na kufuata taratibu. Mfuko usioandikwa huleta ugomvi, na ugomvi wa fedha hauitishwi kwa wajomba, unaishia polisi.

Ndugu Mwenyekiti, katika miaka hii kumi tumejifunza kuweka. Tumesomesha watoto, tumeezeka mabati, tumeuguzana na kuzikana. Katika miaka kumi ijayo tujifunze kungoja kidogo tukiwa na fedha mkononi, kazi ambayo kwa kweli ni ngumu kuliko kuweka. Hoja iko mbele yenu. Wenye maswali waniulize leo leo, hata wakati wa chakula, ila pilau lisipoe.

Na kabla hatujatawanyika, yeyote mwenye blanketi kabatini alilomnunulia mama au bibi yake, apite nalo leo akampe.

(Makofi na vigelegele.)